Mwizi asiyemhitaji mtu: uchambuzi wa kisa cha Kozi

Kozi alikuwa mwizi wa ngazi ya 1 katika kampeni ya Dungeons & Dragons, kwa kanuni za toleo la 5 zilizochapishwa mwaka 2014. Huu ni mchezo wa mezani wa kuigiza: kila mchezaji humcheza mhusika wake, mwendesha mchezo husimulia ulimwengu unaowazunguka, na dadu huamua kama anachojaribu mhusika kinafaulu; ngazi ni hatua za kukua kwake. Mezani tulikuwa watu watano: wachezaji wanne, na mimi mwendesha mchezo. Safari ya kwanza haikuwa imefika mbali kabla mhusika huyu hajakwama. Alikuwa hai, kwenye mapigano alipigana, milango iliyofungwa aliifungua, lakini hakuna aliyejali angefikwa na nini. Hata aliyembuni alikuwa ameanza kurusha dadu huku macho yako kwenye simu.

Naandika kisa chake kwa kirefu kwa sababu mwizi wa namna hii hupatikana karibu kila meza, na tiba anayopewa mara nyingi ni mbovu. Ama anauawa apishe mhusika mpya, ama mchezaji anasutwa mbele ya wenzake kwamba hataki kushirikiana. Kozi hakuuawa, na mchezaji wake hakusutwa. Kilichomwinua kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi yake ya mhusika tangu mwanzo, katika tarakimu na visanduku ambavyo wengi wetu huvijaza kwa ajili ya mapigano kisha tukavisahau.

Kurasa nne za historia

Mchezaji alikuja na historia ya kurasa nne, na ilikuwa imeandikwa vizuri. Kozi ni yatima. Alilelewa na chama cha wezi katika mji wa bandari, akafunzwa kazi na mzee mmoja aliyempenda kama mwanawe. Usiku mmoja makao ya chama yakachomwa moto, mzee akafia ndani. Kozi alimsaka msaliti kwa miaka miwili, akampata, akamchinja. Tangu hapo hana rafiki, hana deni, hana anayemngoja. Sentensi ya mwisho ilisema: "Kozi hamhitaji mtu yeyote."

Hesabu kilichobaki hapo. Wazazi wamekufa, mwalimu amekufa, msaliti amekufa, chama ni majivu. Kila aliyekuwa na jambo na Kozi amezikwa, na jambo lenyewe limezikwa naye. Kisasi ambacho kingeweza kulisha kampeni nzima kimeshalipwa ukurasa wa tatu. Tulikabidhiwa mtu aliyebaki baada ya hadithi yake kwisha, kisha tukatakiwa tuanze naye hadithi.

Nawatetea wachezaji wanaoandika hivi, maana sababu yao huwa ya kweli. Anayekaa na watu asiowazoea huogopa kuchezewa. Ameshaona, au ameshasikia, kwamba ukimwambia mwendesha mchezo una mama na dada kijijini, kikao cha tatu mama anatekwa na cha tano dada anachinjwa. Basi anawaua wote mwenyewe mapema ili asibaki na pa kushikwa. Upweke wa mhusika ni ngao ya mchezaji. Anayetaka aitue hana budi kwanza kumwonyesha kwamba hapigwi.

Tena, urefu wa historia si kosa, wala ufupi wake si sifa. Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 ilimpa mchezaji uchaguzi wa kazi tatu tu, mpiganaji, mwanasihiri na kasisi; mwizi aliongezwa mwaka 1975. Alama za uwezo zilitoka kwenye dadu tatu, na mengi kuhusu mhusika yalijulikana humo humo mchezoni, kama angeishi muda wa kutosha. Traveller, mchezo mwingine wa aina hii, ya mwaka 1977 ilikwenda upande mwingine kabisa: mchezaji alirusha dadu kupitia miaka ya utumishi wa mhusika wake, muhula baada ya muhula, na mhusika aliweza kufa kabla mchezo haujaanza. Lakini tazama kinachotokea katika utaratibu huo. Kila muhula aliopona uliacha kitu kwenye karatasi: ujuzi, cheo, fedha, umri. Yaliyopita yalilipia ya sasa. Kurasa nne za Kozi zilikuwa ndefu lakini hazikuacha kitu. Ungezichoma moto, karatasi yake ya mhusika isingebadilika hata tarakimu moja.

Yaliyotokea mezani

Wenzake walikuwa Dumu, mpiganaji aliyewahi kuwa askari wa zamu. Nuru, kasisi mwanamke anayezika wasio na jamaa. Na mwanasihiri kijana aliyependa moto kuliko maneno. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kumtafuta mwandishi wa baraza aliyetoweka.

Usiku wa kwanza kambini, mchezaji wa Nuru alijitahidi. Alimsogelea Kozi na kumuuliza alama ya kuungua shingoni aliipataje. Jibu: "Hayakuhusu." Akajaribu tena kesho yake kwa kumpa sehemu ya chakula chake. Kozi alikula chake peke yake, juu ya mti. Mchezaji hakuwa na ubaya. Alikuwa anamcheza mhusika kama alivyomwandika, tena kwa uaminifu. Ila mazungumzo mezani ni kupokezana, na kila alichopewa Kozi kilimfia mkononi. Mara ya tatu Nuru hakwenda tena.

Kisha ikaja nyumba ya watekaji. Kozi akatangulia peke yake kupeleleza, kama wezi wafanyavyo. Upelelezi ukala sehemu kubwa ya kikao: ukuta, dirisha, ngazi, mlango, dadu baada ya dadu, mchezaji mmoja na mimi, watatu wakitazama. Mwishowe dadu ikamtupa na akakamatwa. Wenzake, nje, wakaanza kujadiliana kama waingie. Ndipo mchezaji wa Nuru akauliza, kwa upole na bila kejeli: "Mimi kama mimi nataka twende. Lakini Nuru atamfuata kwa sababu gani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Waliingia, kwa sababu mwandishi wa baraza alikuwa humo pia.

Swali lile ndilo kipimo ninachokitumia kwa mhusika yeyote wa mchezo wa kikundi. Mhusika wa riwaya anaweza kubebwa na mwandishi mmoja mpaka mwisho. Wa mezani anabebwa na watu kadhaa, na kila mmoja wao anahitaji sababu iliyo ndani ya hadithi ya kumnyooshea mkono. Adabu ya wachezaji itaziba pengo hilo kwa vikao vichache, kisha itachoka.

Karatasi ilivyomshuhudia

Tulikaa mchezaji na mimi, karatasi ya Kozi katikati yetu, kurasa nne zikiwa pembeni. Nilimwambia wazi kwamba sikuja kumwomba ambadilishe. Nilitaka tusome tarakimu kama barua iliyoandikwa na mtu asiyemjua Kozi ila kwa vitendo vyake.

Alama alizipanga kutoka orodha ya kawaida ya 15, 14, 13, 12, 10 na 8, na kwa kuwa Kozi ni binadamu kila moja iliongezwa 1. Wepesi 16, hekima 15, ustahimilivu 14, akili 13, nguvu 11, mvuto 9. Pointi za uhai 10. Usuli wake, yaani maisha aliyoishi kabla ya safari, ulikuwa wa mhalifu, unaompa umahiri (nyongeza kwenye dadu) katika ulaghai na kunyemelea. Kazi ya mwizi humruhusu tangu ngazi ya 1 kuchagua stadi mbili za ubingwa, ambazo nyongeza ya umahiri huhesabiwa mara mbili. Alichagua kunyemelea, na utambuzi wa nia.

Tukaanza na hiyo ya pili. Utambuzi wa nia ni ustadi wa kusoma nyoyo: huyu anasema kweli, huyu anaficha, huyu anaogopa. Hekima ya 15 inatoa +2, umahiri +2, ubingwa +2 tena, jumla +6. Kwa ugumu wa 15, yaani dadu na nyongeza zifike jumla ya 15, ambao kanuni zinauita wa wastani, Kozi anahitaji 9 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani anafaulu mara 12 kati ya 20. Ulaghai wake, kwa mvuto wa 9, ni +1. Kwa ugumu uleule anahitaji 14, yaani anafaulu mara 7 tu. Kurasa nne zilisema Kozi huwadanganya wakubwa wa mji bila jasho. Karatasi ilisema Kozi ni mwongo duni anayewaelewa watu kupita kiasi.

"Nilichagua utambuzi ili nisivamiwe," alisema. Nikamuuliza mtu asiyemhitaji yeyote alijifunza wapi kuwasoma watu wote kwa makini namna hiyo, na kwa ajili ya nani. Akanyamaza kidogo, akaandika kitu pembeni.

Halafu pigo la kuvizia, silaha kuu ya mwizi. Mara moja kwa zamu, mwizi anayetumia silaha inayopiganwa kwa wepesi, au ya kupiga kwa mbali, huongeza madhara ya dadu moja ya pande 6, kwa sharti moja kati ya mawili: ama awe na upendeleo (kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa) katika dadu ya shambulio, ama adui mwingine wa huyo anayepigwa awe ndani ya futi 5 kutoka kwake. Kwa lugha ya kawaida: rafiki yako awe amemsimamia adui. Upanga mfupi wa Kozi unatoa wastani wa madhara 6.5. Dumu akiwa amemkabili adui huyo, wastani unapanda hadi 10, zamu baada ya zamu. Akiwa peke yake, katika ngazi ya 1 inambidi atumie zamu nzima kujificha kabla hajapata upendeleo, kwa hiyo anavizia zamu moja na kupiga inayofuata. Ngazi ya 2 humpa njia ya kujificha na kupiga ndani ya zamu moja, ila hata hapo pawe na pa kujificha na dadu ikubali.

Hii naiona ndiyo habari nzito kuliko zote kwenye karatasi ya mwizi, na ajabu ni kwamba watu wanaocheza wezi wapweke wanaijua kwa moyo na kuitumia kila pambano. Kanuni zimemuumba mtu ambaye zaidi ya theluthi ya makali yake iko mikononi mwa mwenzake. Kila mara Kozi alipoua, Dumu alikuwa amesimama mbele ya adui huyo akipokea mapigo.

Cha tatu kilikuwa kimejificha kwenye kisanduku cha usuli. Usuli wa mhalifu katika kanuni za 2014 unakuja na mtu: mjumbe wa kuaminika anayemuunganisha mhusika na wahalifu wengine, ambaye mhusika anajua namna ya kumpelekea na kupokea habari hata akiwa mbali. Mchezaji alikuwa amenakili jina la kipengele hicho na kuacha nafasi tupu mbele yake. Kozi asiyemwamini mtu alikuwa, kwa mujibu wa kanuni, na mtu anayemwamini na ambaye huandikiana naye.

Tukamalizia na fungamano, yaani mtu au lengo linalomshika mhusika, na kasoro, yaani udhaifu wake. Vitabu vya 2014 vinatoa orodha ya mafungamano sita na kasoro sita kwa kila usuli, mchezaji arushe dadu au achague. Katika mafungamano ya mhalifu kuna deni kwa mfadhili mkarimu, kuna familia inayolishwa kwa mapato ya wizi, kuna mtu aliyependwa akafa kwa kosa la mhusika. Mchezaji alikuwa amechagua lile la kutaka kuwa mwizi mkuu kuliko wote waliopata kuishi, moja kati ya machache yasiyomgusa mtu mwingine yeyote. Kwa kasoro alichukua ile ya kuchagua fedha mbele ya marafiki. Kwa maoni yangu hiyo ni kasoro hatari kwa mhusika wa kikundi, kwa kuwa maumivu yake yanawaangukia wenzake na mwenyewe anaondoka na sarafu. Kasoro yenye manufaa mezani humuuma mwenye nayo kwanza.

Alichokibadilisha mwenyewe

Sikumwandikia chochote. Nilimuuliza maswali mawili: mjumbe wako ni nani, na ni jambo gani anajua au hajui kukuhusu?

Alichokuja nacho kikao kilichofuata kilikuwa na mistari mitatu. Mjumbe ni mjane wa yule mzee aliyekufa motoni. Anauza mishumaa, naye ndiye anayepitisha habari za wezi waliosalia. Anaamini Kozi alimuua msaliti. Na ukweli, ambao ni Kozi pekee anayeujua, ni kwamba hapakuwa na msaliti wa kuuawa: usiku ule zamu ya ulinzi ilikuwa yake, akaiacha, na aliyechoma moto alipita mlango ambao Kozi alipaswa kuulinda. Ni nani huyo, Kozi hajui.

Kurasa nne zile hazikutupwa. Ziligeuka kuwa uongo ambao Kozi amemwandikia mjane kwa miaka miwili. Hapo nilifurahi kwa kweli, kwa sababu kila neno alilolitolea jasho lilipata kazi mpya. Fungamano likabadilika: mtu niliyempenda alikufa kwa kosa langu, haitatokea tena. Kasoro nayo: nina dalili inayonifichua ninaposema uongo. Zote mbili zimo katika orodha zilezile za mhalifu. Hatukuhitaji kubuni kanuni. Dalili aliichagua mwenyewe, kusugua kidole gumba kwa cha shahada, kama mtu anayepima unga.

Alama hata moja haikuguswa. Utambuzi wa nia wa +6 sasa ulikuwa na sababu: mtu huyu anachungulia kila uso akitafuta aliyechoma moto, na pia akitafuta kama kuna aliyemgundua. Ulaghai wa +1 ukaacha kuwa aibu, ukawa hatari anayoishi nayo.

Nyuzi za kuwashika wenzake

Siri peke yake haitoshi. Mhusika anaweza kuwa na siri nzito na bado akala juu ya mti. Ilibidi wenzake wawe na pa kumshikia, na hapa niliazima utaratibu wa mchezo mwingine, Dungeon World, ambao kila mhusika huanza na sentensi zenye nafasi wazi ya kujaza jina la mwenzake. Mojawapo ya sentensi za mwizi katika mchezo huo ni ya kukiri kwamba ameiba kitu kutoka kwa fulani. Kikao kinapokwisha, sentensi iliyofikia mwisho wake hufutwa, mchezaji hupata pointi ya uzoefu, na nyingine huandikwa.

Tulifanya hivyo mbele ya wote, na hili nalisisitiza. Huwezi kuandika chumbani kwako kwamba umemwibia kasisi kitu, kisha ukamshtukiza nalo mwenye kasisi. Mhusika ni wake. Mchezaji wa Kozi aliuliza: "Ningependa niwe nimemwibia Nuru kitu kidogo, kabla hatujajuana. Unakubali? Na kiwe nini?" Mchezaji wa Nuru alikubali palepale, akachagua kengele ndogo ya shaba anayoipiga anapozika mtu asiye na jamaa. Akaongeza, bila kuombwa, kwamba tangu ipotee Nuru huzika kwa kupiga makofi mara tatu. Meza nzima ilitulia kusikia hilo. Mhusika mmoja alipofunguliwa mlango, wa pili naye alipata desturi, huzuni na jambo la kutafuta.

Kwa Dumu iliandikwa kwamba akiwa askari wa zamu aliwahi kumkamata Kozi, akamwachia, na hajawahi kusema kwa nini. Jibu lilikuwa la mchezaji wa Dumu kulitunza. Kwa mwanasihiri iliandikwa kwamba analijua jina ambalo Kozi alipewa na mzee.

Upande wangu nilibadilisha kitu kimoja tu, upelelezi. Kozi aliendelea kutangulia, lakini dadu moja ya kunyemelea iliamua safari nzima ya kuingia, kisha tukaruka moja kwa moja hadi mahali ambapo alihitaji uamuzi wa wenzake: mlango wenye walinzi wawili, mfungwa asiyeweza kutembea, sauti anayoifahamu. Mwizi hubaki na sifa yake ya kutangulia, na watatu hawakai kutazama.

Mikono

Kipande kimoja nakisimulia karibu, kwa sababu ndipo palipojulikana kama kazi imeshika.

Walikuwa wamepanga kwenye nyumba ya wageni ya njia panda, na barua ya mjane ilikuwa imefika. Nuru aliiona ikifichwa. Akauliza nani anamwandikia. Mchezaji wa Kozi angeweza kusema "hayakuhusu" kama zamani. Badala yake akasema: "Mama wa rafiki. Ananidai nauli." Kisha, kabla sijaomba dadu, akaanza kusugua kidole gumba kwa cha shahada, juu ya meza, pale pale kila mtu anapoona.

Mchezaji wa Nuru akasema: "Namtazama mikono."

Kozi alirusha 12, na ulaghai wake wa +1 ukaifanya 13. Kwa kuwa dalili ilikuwa wazi, nilimpa Nuru upendeleo, yaani anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Ya kwanza ilikuwa 4. Ya pili ilikuwa 9. Hekima ya Nuru ni 16, ana umahiri wa utambuzi, nyongeza yake ni +5. Ikawa 14.

Alishinda kwa moja, na kwa dadu ya pili ambayo asingekuwa nayo kama si kasoro ya Kozi. Nilimpa mchezaji wa Kozi ilhamu hapohapo. Katika kanuni za 2014 hiyo ndiyo zawadi ya mchezaji anayeziishi tabia alizoziandika hata pale zinapomgharimu, naye huweza kuitumia baadaye kupata upendeleo katika dadu moja.

Nuru hakumkaba. Alisema, "Nauli ni kiasi gani? Nitakuchangia." Kozi alimtazama muda mrefu, yaani mchezaji alimtazama mchezaji mwenzake muda mrefu, kisha akatia mkono mfukoni na kuweka kengele mezani. Hakueleza chochote kuhusu moto. Kengele ilitosha kwa usiku ule, na sentensi ya kwanza ikafutwa.

Vikao viwili baadaye Kozi alikamatwa tena, safari hii na watu wabaya zaidi. Hakuna aliyeuliza wamfuate kwa sababu gani.

Ngazi ya 4, na gharama yake

Kukua kwa mhusika mara nyingi huhesabiwa kwa mapigo na pointi za uhai, na tarakimu hizo zina njia yake: pointi 300 za uzoefu kwa ngazi ya 2, 900 kwa ya 3, 2,700 kwa ya 4. Katika ngazi ya 4 mchezaji huongeza 2 kwenye alama moja, au 1 kwenye alama mbili.

Hesabu ya kawaida ya mwizi iko wazi. Wepesi 16 unakuwa 18, na karibu kila anachofanya kinapanda: kupiga, kudhuru, kunyemelea, kukwepa. Mchezaji alijua hilo vizuri kuliko mimi. Akaongeza 1 kwenye hekima, ikawa 16, na 1 kwenye mvuto, ukawa 10.

Dumu alishtuka akamwambia amejinyima. Ni kweli, na sitaki kulipamba. Kila shambulio la Kozi lina nafasi pungufu kwa 5 katika 100 kuliko ambavyo lingekuwa, na pambano gumu lililofuata lilimwacha na pointi 2 za uhai. Lakini alieleza sababu yake kwa sentensi moja: miezi hii yote Kozi amekuwa akiongea na watu, hajawa akiruka kuta zaidi ya kawaida. Kwa mvuto wa 10 ulaghai umekuwa +2, na utambuzi wa nia +7. Mtu yule amekuwa mwongo bora kidogo tu kuliko zamani, na msomaji wa nyoyo mahiri zaidi. Ukiniuliza, huko ndiko kukua, kwa kuwa mabadiliko yaliyotokea mezani yameingia kwenye tarakimu na yatatoka tena kwenye kila dadu atakayorusha. Mchezaji mwingine angechagua wepesi na angekuwa na haki yake; ila ningemuuliza wepesi huo Kozi aliupata akifanya nini.

Kanuni mpya za mwaka 2024 zimebadilisha sehemu hii. Usuli sasa ndio unaoongeza alama za uwezo, na zile orodha za mafungamano na kasoro kwa kila usuli zimeondolewa. Anayeanza kwa kanuni hizo atalazimika kubuni fungamano na kasoro bila orodha ya kumsaidia, au achungulie za zamani. Mimi huwapa wachezaji za zamani wazitumie, kwa sababu kasoro kama ya dalili ya uongo si rahisi mtu aibuni peke yake. Wengi tukiachiwa hubuni kasoro zinazotupendezesha.

Yaliyobaki wazi

Mjane hajaambiwa ukweli. Mchezaji ameomba nisimlazimishe, nami nimekubali: barua zake zitaendelea kufika, maswali yake yatazidi kukaribia, lakini hatatekwa wala kuuawa ili Kozi apate kulia. Nilimwahidi hilo siku tuliyosoma karatasi, na ndilo lililomwezesha kuwa na mtu. Aliyechoma moto nimeshamchagua, na ni mtu ambaye kikundi kimeshakutana naye mara mbili bila kumjua.

Sentensi ya Dumu bado inatunzwa. Mchezaji wake ana sababu ya kumwachia Kozi siku ile, hataki hata mimi niijue, na sina haraka.

Uzi wa mwanasihiri haujashika. Jina la zamani la Kozi halijatajwa hata mara moja, kwa kuwa mwenye mwanasihiri anakuja kwa ajili ya mapigano na moto, na anafurahia hivyo. Nilikuwa nikifikiria kumsukuma, nikaacha. Furaha yake haina upungufu wa kutibiwa. Mchezaji wa tano anajiunga tutakapoingia ngazi ya 5. Nitamuuliza mwanasihiri kama bado anautaka uzi ule. Asipoutaka tutaufuta, na Kozi atamwandikia mgeni sentensi mpya yenye nafasi wazi, mgeni aijaze mwenyewe.